Tauno na Sahani ya Mita Mia Tatu

Tauno Keinänen alikuwa kiziwi, na ndiye huyo aliyekabidhiwa kazi ya kutengeneza bunduki isiyosikika. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana watu wa kijiji chake, Hiekkavaara, walichelewa kucheka kwa miaka minne mizima.

Uziwi wenyewe hakuzaliwa nao, aliupata kihalali. Alianza na miezi kumi na moja ya jeshi kando ya mzinga, akaendelea na miaka thelathini na minane juu ya greda la barabara, akikwangua theluji wakati wa baridi na kokoto wakati wa joto. Alipostaafu, daktari alimpa mashine mbili ndogo za kutia masikioni. Tauno alishukuru, akazitia kwenye kikopo cha peremende, na kikopo akakitia mfukoni. Alidai zinamletea kelele za vijiko tu. Mkewe Maire, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, akazoea kumwita kwa kupiga meza kofi.

Na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, aliongea. Hiekkavaara ni kijiji ambacho watu wawili wanaweza kukaa sauna, chumba cha kuogea mvuke, saa nzima na neno likawa moja tu, nalo ni "ongeza", yaani ongeza maji kwenye mawe. Tauno alikuwa akiongea sauna, akiongea dukani, akiongea ziwani huku akivua kwenye tundu la barafu, mpaka samaki wenyewe walihama, kwa madai ya majirani. Watu walimvumilia kwa kuwa greda lake liliwahi kufungua njia ya kila mmoja wao asubuhi ya dhoruba, na mtu aliyekufungulia njia humwambii anyamaze.

Klabu yao ya shabaha ilikuwa ya wazee sita na machimbo ya kokoto yaliyokwisha kokoto. Mwanzoni mwa machimbo palikuwa na banda la mbao lenye jiko la kuni. Mwishoni, mita mia tatu kamili, mbele ya ukuta mrefu wa mchanga, ilining'inia sahani ya chuma ya nusu mita, ambayo Tauno aliikata kwa moto kutoka kwenye jembe la greda lake siku serikali ilipolitupa. Karatasi za shabaha waliziacha zamani. Macho yao hayakuziona, na hakuna mzee anayetaka kutembea mita mia tatu kwenye theluji ya magoti kwenda kuhesabu aibu zake. Sahani ilikuwa rahisi. Ukiipata, inalia na kuyumba. Wenye masikio walisikiliza, Tauno alitazama kwa darubini.

Miaka minane kabla ya haya ninayoyasimulia, barua zikaanza. Mwandishi alikuwa Irja Sormunen, mpiga kinanda mstaafu wa kanisa, mwanamke aliyenyooka kama ufagio, mwenye sikio ambalo lingekwambia kikombe chako kina ufa kabla hakijavuja. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya misonobari, upande wa mwisho wa machimbo. Barua zake zote zilisema jambo lilelile kwa mistari miwili: mlio wa machimboni unamuumiza, anaomba ushughulikiwe. Alipeleka nakala moja klabuni na nyingine ofisi ya mazingira ya wilaya.

Mwenyekiti wa klabu, Reijo Piiroinen, fundi bomba mstaafu, alizisoma barua hizo kwa sauti, akakohoa, akazitia kwenye faili. Hakuna aliyekwenda kwa Irja. Waswahili tunasema kuuliza si ujinga, na ni kweli, lakini Hiekkavaara kuuliza ni sawa na kuingia nyumba ya mtu na viatu. Kama mtu ameandika mistari miwili, basi amesema mistari miwili, na heshima ni kumwachia hiyohiyo. Kwa heshima hiyo hiyo wazee sita walikaa banda lile na kuamua, pasipo kumuuliza mlalamikaji neno hata moja, kwamba kinachomuumiza ni bunduki.

Basi wakanunua viwambo vya kuzuia sauti, kila mtu chake, jambo ambalo nchi hiyo halimshangazi mtu. Lakini kiwambo kinaua nusu ya kelele tu, ile ya baruti mdomoni mwa mtutu. Nusu ya pili ni ya risasi yenyewe. Risasi inayokwenda mbio kuliko sauti huipasua hewa kwa mlio wa mjeledi, na mlio huo hauna dawa isipokuwa kuipunguza risasi mwendo. Na risasi ikishapunguzwa mwendo inakuwa mvivu. Kufika mita mia tatu imeshadondoka zaidi ya mita nne, kimo cha ukuta wa nyumba, kwa hiyo unailenga juu kama anayerusha jiwe kwenye mwembe, halafu unangoja. Sekunde nzima inapita kabla haijafika. Mtu wa haraka haiwezi kazi hiyo.

Tauno aliipenda kwa moyo wake wote. Alijifungia katika banda la nyuma ya nyumba na mizani ya baruti, akipima punje kwa punje, risasi nzito, baruti kidogo, akiandika kila kitu kwenye daftari la greda. Kwa kuwa hakusikia, Reijo alisimama kando yake kila jaribio. Kidole gumba juu maana yake kimya, kidole chini maana yake imelia. Miaka minne vidole vilipanda na kushuka, na Agosti ya mwaka wa nne vikapanda mara hamsini mfululizo. Mlio uliobaki ulikuwa kama wa mtu anayefunga mlango wa kabati. Tauno aliwahutubia wenzake saa nzima siku hiyo, mpaka soseji zikaungua.

Katikati ya miaka hiyo minne Maire alifariki, mwezi wa Oktoba, kwa moyo. Tauno alizika, akarudi, akakuta nyumba ina viti viwili mezani na kimoja hakina kazi. Tangu hapo machimbo hayakuwa tena starehe kwake. Ndipo mahali pekee alipoweza kwenda asubuhi akiwa na sababu, na watu watano waliopaswa kumsikiliza kwa mujibu wa katiba ya klabu. Aliliogopa jambo moja tu duniani, banda lile lifungwe, naye akae na kile kiti.

Barua ya ishirini na saba ndiyo iliyoiamsha ofisi ya wilaya. Wakajibu kwa ukali wa kiofisi: katikati ya Februari atakuja mkaguzi, atasimama uani kwa mlalamikaji na kipima sauti, klabu ipige risasi kumi umbali wa mita mia tatu. Mlio wa bunduki ukisikika, machimbo yanafungwa mwezi wa Machi. Kwa nini Februari, hakuna aliyejua. Ofisi ina kalenda yake na baridi ina yake.

Wazee walikubaliana kwa kutikisa vichwa kwamba atakayepiga ni Tauno.

Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Na hapa ndipo nikikumbuka natamani kumtandika kofi mzee yule, kwa mapenzi. Maana Tauno alijua vizuri kuliko daktari yeyote wa fizikia kwamba sauti yenyewe hupunguza mwendo kwenye baridi. Risasi iliyokuwa nyuma ya sauti mwezi wa Agosti inaweza kuwa mbele yake mwezi wa Februari. Alishawahubiria wenzake jambo hilo mara tatu, mara mbili sauna. Kinga yake ni rahisi, unaziacha risasi zipoe nje pamoja nawe, baruti baridi inaungua taratibu na mambo yanakuwa sawa.

Lakini Tauno alikuwa mvuvi wa barafuni tangu utoto, na mvuvi wa barafuni ana desturi moja isiyofutika. Chambo chake ni mabuu, na buu likiganda halimvutii samaki. Kwa hiyo anayatunza kifuani, kwenye kimfuko karibu na ngozi, na wengine, samahani kwa anayekula, huyatunza chini ya mdomo kama ugoro. Kitu cha thamani siku ya baridi kinakaa kwenye joto la mwili, hivyo ndivyo mikono ya watu hao inavyofikiri bila kushauriana na kichwa. Asubuhi ile Tauno alizichukua risasi zake kumi bora, akazitia kwenye kimfuko cha mabuu, akakivaa kifuani. Akatoka nyumbani amezikumbatia, zina joto kama mayai yaliyotoka kuatamiwa.

Mkaguzi, mwanamke kijana aitwaye Jonna Vesala, alishafika kwa Irja. Machimboni, nyuma ya Tauno, klabu iliwakilishwa na Reijo peke yake, wengine wanne walibaki barabarani ndani ya gari wakijifanya wana shughuli. Tauno akaacha kikopo chake cha peremende garini, maana betri za zile mashine hazipendi baridi. Akalala kwenye mkeka, akatia risasi ya kwanza, akapumua nusu, akafyatua.

Hewa ikapasuka mpaka theluji ikadondoka kwenye misonobari.

Tauno hakusikia kitu. Alitazama kwa darubini, akahesabu sekunde moja, akaiona sahani inayumba. Akatabasamu, akachukua ya pili kifuani.

Nyuma yake Reijo alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, macho ameyafumba. Ungedhani mtu mzima mwenye akili angemgusa bega. Lakini mtu aliyelala na bunduki hasemeshwi. Reijo alifundishwa hivyo na baba yake, na baba yake na babu yake, na hakuna aliyemwambia kuna siku ya kuivunja sheria hiyo. Alisimama pale kama msiba akamsikiliza rafiki yake akiifunga klabu, risasi baada ya risasi, kumi kwa kumi. Zote zilipasua hewa na zote ziliipata sahani. Hata Agosti Tauno hakuwahi kupiga vizuri namna ile.

Aliinuka akiwa mwekundu kwa furaha, akainua kidole gumba. Reijo hakuinua chochote. Alikwenda garini, akakileta kikopo cha peremende, akamngoja Tauno atie mashine zote mbili.

"Zimelia," Reijo akasema.

"Ngapi?"

"Zote. Ulizitia kifuani?"

Tauno alijipapasa kifua. Mkono ulipogusa kile kimfuko, uso ukamwanguka.

"Na wewe ulikuwa hapo hapo nyuma," akasema. "Mbona hukuniambia, Reijo? Hata kunipiga teke?"

"Ulikuwa unapiga."

Tauno alitaka kumtukana lakini hakuwa na haki, kwani angefanya vilevile. Wakapanda gari wakaenda kwa Irja kupokea hukumu. Njia nzima Tauno hakusema neno, na Reijo, ambaye kwa miaka arobaini aliomba kimya hicho, alikiona kizito kuliko kelele zote.

Jikoni kwa Irja palinukia kahawa na mkate mtamu wa iliki. Mkaguzi alikuwa anakipasha moto kipima sauti chake juu ya jiko, kwa kuwa kilizimika kwa baridi dakika ya kwanza. Alisema hapakuwa na haja ya chombo, alisikia milio kumi kwa masikio yake, samahani sana wazee. Akamsogezea Irja fomu, athibitishe naye amesikia, aweke sahihi.

Irja aliisoma fomu yote kuanzia jina la wilaya.

"Kumi nimezisikia," akasema. "Na zote zilikuwa chini."

Mkaguzi akauliza chini ya nini.

"Chini ya noti. Karibu robo nzima ya noti. Miaka minane chini, nami nalala hapo." Akaelekeza kijiko dirishani.

 Reijo ndiye aliyejitosa.

"Wewe Irja unalalamikia nini hasa?"

"Sahani," Irja akasema. "Bunduki zimenifanya nini mimi? Baba yangu alikuwa mwindaji, nimelelewa na bunduki. Sahani yenu iko nyuma ya zizi langu, inalia kama ng'ombe mwenye mafua, na kila ikilia naingoja ipande ifike kwenye noti, haifiki. Jumamosi nzima haifiki. Nimeandika barua ishirini na saba."

"Barua zinasema mlio," Reijo akasema kwa unyonge.

"Na sahani inafanya nini, inapika?"

Mkaguzi aliinamia kikombe chake. Tauno alikuwa anajumlisha kichwani: miaka minne, viwambo sita, punje za baruti zisizo na idadi, madaftari matano, kukinyamazisha kitu ambacho hakikumkera mtu. Hasira ikampanda, akamwambia Irja kwamba angesema mara moja tu, kwa kinywa, mambo yote haya yasingekuwako.

"Nilisema," Irja akajibu. "Nilimwambia Maire, kwenye mazoezi ya kwaya, mwaka ule mliponunua viwambo vyenu. Akaniambia amekueleza. Akaniambia umeitikia."

Kumbukumbu ikamrudia Tauno. Alimwona Maire mlangoni mwa banda la nyuma, ameshika kitambaa cha vyombo, mdomo unacheza. Hakujua ilikuwa siku gani, maana siku za namna hiyo zilikuwa nyingi. Yeye alikuwa ameinamia mizani, kikopo mfukoni, akitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, sawa mama. Maire alizungumza, yeye akaitikia, naye Maire akarudi zake ndani. Mambo mangapi alimwitikia hivyo, na mengine yalikuwa yapi, hakuna tena wa kumwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lake halikuwa limekufa, lilikuwa kwenye kikopo cha peremende. Machozi yakamtoka mezani mbele ya mkaguzi wa wilaya, na hakuna aliyejua pa kutazama. Irja akamkatia kipande cha pili cha mkate, na kwa watu wa huko hiyo ndiyo namna ya kukumbatia.

Mkaguzi Jonna alikuwa na akili kuliko fomu yake. Akafuta neno "bunduki", akaandika "sahani", na kwa kuwa hapakuwa na kisanduku cha jambo hilo, akachora kimoja. Klabu ikapewa hadi mwisho wa Aprili kuirekebisha sahani mpaka mlalamikaji aridhike. Sijui kama kuna ofisi nyingine duniani iliyowahi kutoa amri hiyo.

Aprili theluji ilipolainika, Irja akaja machimboni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na uma wake wa chuma wa kutafutia noti mfukoni. Wazee walimwekea kiti, na ngozi ya kulungu juu ya kiti. Tauno akaishusha sahani, akakwangua ukingo wake kwa mashine ya kunolea, kidogo kidogo, maana ukipunguza ukingo sauti inapanda na ukizidisha hairudi. Irja alikuwa anagonga, anasikiliza, anasema "bado". Alisema bado kwa siku tatu. Tauno alimwita dikteta, Irja akamwambia aache kuongea huku anakwangua, na watu wakashangaa kuona anaacha.

Siku ya tatu mchana Irja aligonga, akauweka uma sikioni, akagonga tena.

"Hapo," akasema.

Tauno akamuuliza hiyo ndiyo noti gani. Mashine zake zilikuwa masikioni siku hiyo. Tangu Februari hakuzitoa isipokuwa kulala.

"Noti ya mwisho ya wimbo wa kuagia," Irja akasema. "Ile ya sauti ya pili. Maire aliikosa miaka thelathini, maskini, kila Jumapili chini kidogo. Mimi nilikuwa napiga kinanda kwa nguvu kumfunika."

Reijo aliangalia viatu vyake. Lakini Tauno alicheka, alicheka mpaka akajishika magoti, maana huyo ndiye Maire hasa, na kwa miaka mitatu kila mtu alikuwa akimsimulia marehemu asiye na kosa hata moja.

Waliitundika sahani mahali pake. Tauno akarudi mwanzo wa machimbo kwa miguu, akalala kwenye mkeka, na Reijo akamgusa bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu aliyelala na bunduki, akamwonyesha masikio kumuuliza kama hazitoi zile mashine. Tauno akakataa kwa kichwa. Risasi zilikuwa zimelala nje kwenye theluji usiku kucha. Akafyatua, kabati likafungwa mlango, na akahesabu sekunde moja ya risasi kwenda. Sahani ikayumba. Akafumba macho, akahesabu sekunde ya pili, ya sauti kurudi, na ikarudi, nyembamba, iko juu pale pale panapotakiwa.

Hakusema kitu. Akatia risasi nyingine.